Kigunduzi cha UV cha almasi ya nano kinapogoma: dalili, chanzo na tiba

Kigunduzi cha almasi kinathaminiwa kwa sababu moja kubwa: hakioni mwanga wa kawaida. Pengo la nishati la almasi, yaani nishati ya chini kabisa ya kuachia elektroni yake, ni elektrovolti (eV) 5.47, kwa hiyo fotoni yenye uwezo wa kuamsha mkondo ni ile ya urefu wa wimbi usiozidi nanomita (nm) 227 hivi. Sifa hiyohiyo ndiyo inayowakanganya wengi. Taa "ya UV" (urujuanimno) inawashwa na kifaa kinakaa kimya. Au kifaa kinaitikia vizuri mno, kumbe kinachoitikia si almasi. Ndiyo maana utaratibu wa hapa hauanzi na almasi. Unaanza na mwanga, unakwenda kwenye kishikio na nyaya, unafuata uso wa utando, na almasi yenyewe inashtakiwa mwisho.

Kifaa cha mfano ni hiki: utando wa almasi wa unene wa mikromita 1, chembe zake nm 50 hadi 100, uliooteshwa kwa plazma ya maikrowevu juu ya bamba la silikoni lililofunikwa kwa oksidi ya silikoni. Juu yake kuna elektrodi mbili za vidole vinavyopishana: jumla vidole 40, kila kimoja upana wa mikromita 10, nafasi kati yao mikromita 10, urefu wa milimita 1. Chini titani nm 30 ili metali ishike, juu dhahabu nm 120. Volteji ni 10, yaani volti 1 kwa kila mikromita ya nafasi. Mkondo unasomwa kwa pikoampiamita, mita ya mikondo midogo sana. Kifaa kizuri cha aina hii, gizani na kwenye hewa kavu, hakipitishi zaidi ya makumi ya pikoampia.

Kabla ya kugusa chochote

Mwanga ulio chini ya nm 280 huunguza konea na ngozi bila kukuonya papo hapo; macho huanza kuuma saa kadhaa baadaye, kana kwamba yametiwa mchanga. Vaa kinga ya uso ya polikaboneti, glavu na mikono mirefu, au fungia taa ndani ya sanduku. Taa inayotoa nm 185 huzalisha ozoni. Ukiisikia harufu yake, hewa ya chumba tayari haifai, washa feni ya kutoa hewa nje.

Kwenye chombo cha kupimia, weka kikomo cha mkondo kuwa mikroampia 100 kabla ya kupandisha volteji. Sababu utaiona tutakapofika kwenye uso wa haidrojeni: utando usiosafishwa unaweza kupitisha mkondo wa kuyeyusha vidole vya elektrodi.

Andaa pia vitu viwili vya bei rahisi vitakavyokusaidia karibu kila hatua: kipande cha kioo cha hadubini chenye unene wa milimita 1, na tochi ya LED nyekundu. Kioo hicho kinapitisha takriban asilimia 90 ya mwanga unaoonekana na kinazuia kabisa UV fupi. Kwa hiyo chochote kinachobaki kwenye mita baada ya kuweka kioo hakikutoka kwenye mwanga unaoutafuta.

Kifaa hakiitikii kabisa

Uliza kwanza taa inatoa nini. Taa za kukagulia noti hutoa nm 365 au 395. Almasi haina habari nazo. LED nyingi zinazouzwa kwa jina la UVC hutoa kati ya nm 255 na 280, ambayo ni eV 4.4 hadi 4.9. Hizo zinaua vijidudu, lakini bado ziko nje ya mlango wa almasi. Taa ya zebaki ya kuulia vijidudu hutoa zaidi nm 254, yaani eV 4.9, nayo haitoshi. Na usitoke nje kujaribu kwa Jua: hata kwenye Ikweta, ambako faharasa ya UV ni ya juu kuliko sehemu nyingi za dunia, tabaka la ozoni linameza karibu kila kitu kilicho chini ya nm 280 kabla hakijafika ardhini.

Vyanzo vinavyofaa ni vichache. Taa ya kriptoni-kloridi ya nm 222 iko juu kidogo tu ya pengo, eV 5.6, ndiyo rahisi kupata siku hizi. Taa ya deuteri hutoa mwanga mfululizo kuanzia chini ya nm 200 ikiwa dirisha lake linaruhusu. Leza ya argoni-floridi hutoa nm 193. Taa ya zebaki iliyotengenezwa kwa kwatzi sanisi hupitisha pia mstari wa nm 185, na huo almasi inauona vizuri.

Baada ya taa, kagua njia. Kioo cha kawaida, akriliki, epoksi ya uwazi na lenzi za kamera vyote vinazuia nm 222. Kwatzi sanisi ya daraja la UV hupitisha hadi karibu nm 180. Floridi ya kalsiamu na ya magneziamu hushuka chini zaidi. Kuna wanaofunika chipu kwa tone la epoksi ili kulinda nyaya, kisha wanashangaa kifaa kimekufa. Chini ya nm 200 hewa yenyewe inakuwa kichujio: oksijeni inameza. Dalili yake ni kwamba ukisogeza taa mbali kidogo, ishara inaanguka kwa kasi kuliko hesabu ya mraba wa umbali inavyotaka. Pitisha naitrojeni kavu kwenye njia yote au pima ndani ya ombwe.

Mwanga ukiwa sawa, piga hesabu ya unachotarajia kabla ya kusema "hakuna ishara". Eneo la vidole ni milimita 0.8 kwa 1. Mwanga wa mikrowati 10 kwa sentimita mraba unaleta nanowati 80 hapo, na metali inafunika nusu, zinabaki 40. Ikiwa utando una mwitikio wa ampia 0.01 kwa kila wati ya mwanga (A/W 0.01), jambo la kawaida kwa chembe ndogo, unatafuta nanoampia 0.4. Multimita ya mezani haitaiona. Pikoampiamita itaiona bila shida, ila si kwenye masafa ya kupimia mikroampia.

Kumbuka pia kwamba pengo la almasi si la moja kwa moja: fotoni pekee haitoshi, inahitaji pia msaada wa mtikisiko wa fuwele. Karibu na ukingo wake ufyonzwaji ni dhaifu, na nm 222 iko hapohapo ukingoni. Utando wa mikromita 1 unaacha sehemu kubwa ya mwanga huo ipite hadi kwenye bamba la chini. Utando wa nm 300 ni mbaya zaidi. Usikivu utapanda ukishuka kuelekea nm 200, na hilo si kasoro ya kifaa.

Kama yote hayo yamepita, kagua muunganiko. Waya ulioachia pedi (kipande cha metali unaposhikia waya) unatoa mkondo wa gizani mzuri ajabu, chini ya pikoampia 1, na hauitikii kitu. Mkondo mdogo kupita kiasi ni dalili, si sifa.

Kinaitikia mwanga wa kawaida

Zima taa ya UV, washa tochi nyekundu. Mkondo ukipanda, mtuhumiwa wa kwanza ni silikoni iliyo chini. Utando wa nano una vitundu pale ambapo mbegu hazikutosha. Dhahabu inapenya kwenye kitundu, inagusa silikoni, na hapo umejenga kigunduzi cha silikoni chenye kofia ya almasi. Alama yake ni mwitikio unaopanda kuelekea nm 800 hadi 900, tofauti kabisa na almasi.

Oksidi iliyo katikati inatakiwa kuzuia hilo, lakini plazma ya haidrojeni huila oksidi wakati utando haujaziba. Ukiwa na hadubini ya elektroni, tazama uso kwa ukuzaji wa mara 20,000: vitundu vyeusi kati ya chembe vinaonekana wazi. Tiba haipo kwenye chipu hiyo. Kwenye ijayo, ongeza msongamano wa mbegu ufike angalau bilioni 100 kwa sentimita mraba. Mbegu hizo ni almasi za mlipuko (zinazotengenezwa kwa kulipua vilipuzi) za nm 4 hadi 5 zilizotawanywa kwenye maji. Chovya bamba kwenye bafu la mawimbi-sauti kwa dakika 10, suuza, kausha kwa kuzungusha. Mbegu zikiwa zimeganda mafungu mafungu, kuongeza muda hakusaidii. Tengeneza mtawanyo mpya. Ukitaka kuumaliza mjadala wa silikoni mara moja, otesha juu ya kwatzi, ila shuka joto la kuotesha na usitarajie utando mnene, kwa sababu almasi na kwatzi havisinyai kwa kiasi sawa vinapopoa na utando hupasuka.

Mtuhumiwa wa pili ni almasi yenyewe, au tuseme uchafu wake. Naitrojeni iliyopenya kwenye fuwele inaleta ufyonzwaji mpana karibu na nm 270 na mwitikio hafifu unaofika hadi mwanga unaoonekana. Maungio ya chembe, yaani mipaka chembe zinapokutana, yana kaboni ya aina ya grafiti yenye ngazi za nishati zilizotawanyika ndani ya pengo. Hizo ndizo zinazofanya tando nyingi za nano ziitikie taa ya nm 254 ilhali kwa nadharia hazipaswi. Kwa hiyo ishara kwenye nm 254 haithibitishi kwamba umetengeneza kigunduzi kizuri. Mara nyingi inathibitisha kinyume chake. Kipimo cha maana ni uwiano: mwitikio wa nm 220 ugawanywe kwa ule wa nm 400. Uwiano wa 100 unaonyesha maungio ndiyo yanayotawala. Vigunduzi vya fuwele safi hupita 10,000 kwa mbali.

Mkondo wa gizani ni mkubwa

Hapa ndipo muda mwingi unapopotea, kwa hiyo twende polepole.

Anza kwa kutoa chipu. Acha kishikio, nyaya na kebo kama vilivyo, weka volti 10, soma. Ukiona nanoampia kadhaa bila chipu, almasi haina kosa. Bamba la kawaida la saketi la nyuzi za kioo na epoksi huvujisha, hasa likiwa na mabaki ya lehemu na unyevu. Mombasa, Tanga au Zanzibar, ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, kishikio kilichopimwa safi asubuhi chini ya kiyoyozi kinaweza kuvuja mara kumi zaidi dirisha likifunguliwa. Osha kwa aisopropanoli, kausha kwenye tanuri la nyuzi 60 za Selsiasi kwa saa moja, usiguse tena kwa vidole. Tumia tefloni au kauri mahali ambapo waya wa ishara unapita, na kebo yenye ngao mbili ambayo ngao ya ndani imeunganishwa na kinga ya pikoampiamita.

Kishikio kikiwa safi, rudisha chipu na puliza naitrojeni kavu juu yake. Mkondo ukishuka ndani ya dakika moja au mbili na kupanda tena ukiacha, ni maji yaliyojipaka juu ya uso. Ukibaki palepale, endelea.

Utando unapotoka kwenye mtambo wa kuoteshea, uso wake umefunikwa na haidrojeni. Uso huo ukikutana na hewa unakuwa kipitishi: ukinzani wake ni takriban kiloohmu 10 hadi 50 kwa kila mraba, yaani kwa kipande chochote chenye urefu sawa na upana. Tuchukue 20 na tuone kinachotokea kwenye vidole vyetu. Mkondo una nafasi ya mikromita 10 ya kuvuka, na njia ya kuvukia yenye upana wa milimita 39 ukijumlisha nafasi zote 39. Hiyo ni mraba mmoja uliogawanywa kwa 3,900. Kiloohmu 20 zinageuka ohmu 5. Volti 10 juu ya ohmu 5 ni ampia 2, na vidole vya upana wa mikromita 10 havitadumu. Sasa tuseme umeondoa haidrojeni karibu yote na ukinzani umepanda mara milioni moja: bado una megaohmu 5, yaani mikroampia 2 gizani, mara elfu kadhaa zaidi ya ishara unayoitafuta. Ili ufike pikoampia 10 uso wote kwa pamoja unatakiwa kuwa na ukinzani wa karibu ohmu 4 zikifuatiwa na sifuri 15 kwa kila mraba. Usafi wa "kiasi" haupo hapa.

Kuthibitisha kwamba ni haidrojeni, pasha chipu hadi nyuzi 200 ndani ya ombwe. Mkondo unaanguka, kwa sababu molekuli za hewa zinazouwezesha uso kupitisha zimeondoka. Ukiruhusu hewa irudi, mkondo nao unarudi taratibu. Tabia hiyo ya kwenda na kurudi haipatikani kwenye kaboni ya grafiti.

Tiba ni kubadilisha haidrojeni kwa oksijeni. Njia tatu zinafanya kazi. Plazma ya oksijeni ya wati 50 kwa dakika 1 hadi 2 ndiyo ya haraka. Usizidishe, maana plazma hiyo inaila almasi pia na huanza na maungio ya chembe. UV na ozoni kwa dakika 30 hadi 60 ni ya upole na inafaa kwa tando nyembamba. Asidi moto, salfuriki na nitriki, inasafisha kuliko zote, lakini ifanyike kabla ya kuweka metali, ndani ya kabati la kutolea moshi, na mtu anayejua asidi. Ukiitumia baada ya metali, inaila titani na dhahabu inaelea ikiondoka yenyewe.

Mpangilio unaotoa matokeo thabiti ni huu: asidi, kisha metali, kisha plazma fupi baada ya kuondoa rezini ya kuchorea umbo la vidole. Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa na wengi. Rezini huacha mabaki ya kaboni katikati ya vidole, na mabaki hayo yanapitisha. Metali yenyewe haidhuriki, dhahabu inajilinda.

Kama oksijeni haikushusha kitu, tatizo limo ndani ya utando. Pima kwa Raman, kipimo cha leza kinachosoma namna atomi zinavyotikisika. Unatafuta mstari mwembamba wa 1332 kwa sentimita, wa almasi, na unaupima dhidi ya kilima kipana cha 1500 hadi 1600 cha grafiti. Tahadhari: leza ya kijani inaipendelea grafiti mara nyingi zaidi ya almasi, kwa hiyo utando wa chembe za nm 3 hadi 5 unaweza kuonekana kama masizi matupu hata ukiwa almasi kwa sehemu kubwa. Vilima vya 1140 na 1480 navyo vinatoka kwenye maungio. Leza ya nm 325 au 244 inasema ukweli zaidi.

Grafiti iliyo kwenye maungio inaweza kuchomwa. Tanuri la hewa la nyuzi 400 hadi 450 kwa saa moja au mbili huila kaboni ya grafiti kabla ya almasi. Fanya kabla ya metali. Chembe zikiwa ndogo sana nafasi kati ya kuchoma grafiti na kuchoma almasi ni finyu, kwa hiyo anza na nyuzi 400 kwenye kipande cha majaribio. Ikiwa utando ulioteshwa kwa gesi yenye argoni nyingi na naitrojeni ndani yake, usihangaike: aina hiyo inapitisha umeme kwa asili na hutumika kama elektrodi. Badilisha mchanganyiko wa gesi: metheni asilimia 1 hadi 2 ndani ya haidrojeni, bila naitrojeni, chembe zikue kidogo. Kwa kazi hii chembe za nm 100 ni bora kuliko za nm 5, hata kama neno "nano" linapendeza zaidi kwenye andiko la mradi.

Mkondo unaopanda sana na joto, mara kadhaa kwa makumi machache ya nyuzi, unaelekeza kwa boroni. Boroni iko eV 0.37 tu kutoka ukingoni na inabaki ukutani mwa mtambo baada ya mtu mwingine kuotesha almasi ya boroni humo. Hilo halitibiki kwenye chipu; safisha mtambo au tumia mwingine.

Ishara haizimiki, au inapanda polepole

Unazima taa, mkondo unashuka nusu ghafla kisha unajikokota kwa dakika kadhaa. Hii ni mitego: kasoro kwenye maungio zinazoshika chaji na kuiachia taratibu. Kinyume chake nacho ni mitego: kifaa kilichokaa gizani wiki nzima kinaanza na ishara ndogo inayopanda kadiri kinavyoangazwa, mpaka mitego ijae.

Kabla ya kuilaumu, hakikisha si saketi. Kebo ya kawaida ina pikofaradi 100 kwa mita. Mita 2 kwenye osiloskopu ya megaohmu 1 zinatoa mikrosekunde 200. Kikuza-mkondo chenye kipingamizi cha gigaohmu 1 na pikofaradi 1 ya kupotea kinatoa milisekunde 1. Ukiona sekunde na dakika, si saketi.

Kwa upimaji wa mara moja, pasha kifaa gizani nyuzi 150 hadi 200 kwa dakika 30 kati ya kipimo na kipimo, kama gundi ya nyaya inavumilia. Joto linamwaga mitego. Kwa upimaji wa mfululizo fanya kinyume: angaza mpaka ishara itulie, kisha usikiache kifaa kione mwanga wa chumba, maana mwanga wa kawaida nao unaachia chaji zilizonaswa. Njia ya tatu ni kukata mwanga kwa gurudumu lenye matundu, mara 10 hadi 30 kwa sekunde, na kusoma sehemu tu inayofuata mdundo huo. Mkia wa polepole hauwezi kuufuata, unatoweka kwenye hesabu. Epuka mdundo wa 25 au 50. Utagongana na umeme wa ukutani.

Ishara inayoshuka yenyewe huku taa na volteji vikiwa vilevile ni mgawanyo wa chaji ndani ya utando, unaopingana na volteji yako. Geuza ncha za volteji. Ikirudi juu mara moja, jibu umelipata. Panga kipimo kibadilishe ncha kila baada ya muda mfupi.

Mwitikio kwenye karatasi hauaminiki

Fotoni moja ikitoa elektroni moja, kikomo ni urefu wa wimbi kwa nm ugawanywe kwa 1240. Kwa nm 220 ni A/W 0.177. Ukipata 5, una ukuzaji unaotokana na mitego inayoshikilia aina moja ya chaji huku nyingine ikizunguka. Si uongo, lakini unaulipia kwa kasi: pima mkia wake kabla ya kuisherehekea namba hiyo.

Namba ndogo mno mara nyingi ni kosa la kipimo cha rejea. Taa ya zenoni ina nguvu kidogo sana kwenye nm 220, na monokromata (chombo kinachochagua urefu mmoja wa wimbi) inavujisha mwanga unaoonekana. Kigunduzi cha rejea cha silikoni kinauona uvujaji huo, almasi haiuoni. Tuseme silikoni inasoma nanoampia 5. Weka kioo cha hadubini mbele yake: inasoma 3. Gawanya kwa 0.9 kufidia kioo, unapata 3.3 ambazo ni mwanga wa kupotea. UV halisi ni 1.7 tu, na mwitikio wa almasi uliouandika ni theluthi moja ya ule wa kweli.

Kilima kidogo kwenye nm 440 kina sababu nyingine. Greti (kibamba chenye mistari kinachotawanya mwanga ndani ya monokromata) iliyowekwa kwenye 440 hupitisha pia nm 220 kwa daraja la pili. Weka kichujio kinachozuia chini ya nm 320 unapopima mawimbi marefu. Kilima kikiondoka, hakikuwa cha almasi.

Namba zinacheza

Weka muda wa kusoma uwe milisekunde 20 au kizidishio chake, kwa sababu umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50. Vyombo vilivyotoka Marekani vinaweza kuwa vimepangwa kwa hezi 60, milisekunde 16.7, na hapo mlio wa umeme hauishi kamwe. Funga kebo kwa tepu isitikisike. Kebo inayopinda huzalisha chaji yenyewe. Funika kishikio kwa sanduku la metali lililofungwa ethi mahali pamoja tu. Mruko mkubwa unaotokea kila mtu anapopita karibu unaonyesha sanduku limeachwa wazi au ngao haijafika kwenye ethi.

Kuna mkondo hata volteji ikiwa sifuri

Elektrodi mbili zinazofanana hazipaswi kutoa mkondo bila volteji. Kama zinatoa, sogeza doa la mwanga. Ishara ikibadilika alama kutoka upande mmoja hadi mwingine, mwanga unaangukia mguso mmoja kuliko mwenzake. Chini ya nm 240 dhahabu nayo inatema elektroni zake, na ndani ya ombwe hizo zinaruka hadi ukuta wa chumba. Funika pedi na nyaya kwa kibamba cha metali chenye tundu la ukubwa wa vidole pekee.

Kifaa cha unga wa almasi uliodondoshwa

Wapo wanaodondosha mtawanyo wa almasi za mlipuko juu ya elektrodi na kuuacha ukauke. Ni njia ya kujifunzia, si ya kupimia. Tone likikauka chembe hukimbilia ukingoni na katikati kunabaki patupu. Unga wa kibiashara una mabaki ya chuma na naitrojeni, na uso wa chembe za nm 5 unanyonya maji kiasi kwamba mkondo unaouona unaweza kuwa wa unyevu. Jaribio ni jepesi: pima kwenye naitrojeni kavu baada ya kupasha nyuzi 120. Ishara ikitoweka, ulikuwa umetengeneza kipima-unyevu.

Usikivu unashuka miezi ikipita

Almasi yenyewe inastahimili UV vizuri sana. Uchafu ulio juu yake ndio usiostahimilika. Mvuke wa mafuta ya pampu, gundi na plastiki laini hutua kwenye dirisha au uso, na UV inaugandisha kuwa utando wa kaboni. Kifaa cha LYRA kwenye setilaiti ya PROBA2, iliyorushwa tarehe 2 Novemba 2009 na kubeba vigunduzi vya almasi vya kuangalia Jua, kilipoteza usikivu kwa namna hiyo: lawama iliangukia tabaka la uchafu kwenye vichujio vya mbele, si almasi. Duniani una bahati ya kuweza kukifungua. Toa dirisha kwanza upime bila hilo. Ishara ikirudi, safisha au badilisha dirisha. Isiporudi, upe uso UV na ozoni kwa dakika 15, pima mkondo wa gizani upya, na ondoa kila kipande cha mpira laini na gundi ya silikoni kilichomo ndani ya chumba cha kupimia kabla ya kufunga.